Eliya Alipewa Mkate Kwanza

Ukimuuliza katekista wa kigango chochote kati ya Nyangao na Masasi, huku kusini mwa Tanzania, anaendeleaje, jibu unalijua kabla hajafungua kinywa: "Tunamshukuru Mungu." Jana usiku alikesha msibani, asubuhi akaongoza ibada, mchana akasuluhisha ugomvi wa mpaka wa mikorosho, na jioni hii ana kikao cha kamati ya ujenzi ambacho yeye ndiye katibu. Bado anamshukuru Mungu. Neno "nimechoka" analo, lakini analiweka akiba kwa ajili ya miguu na mgongo. Kuna kuchoka kwingine ambako hakusemi: kulala usiku kucha ukaamka kama uliyekesha, kusikia kengele ya kanisa ukatamani kamba ikatike, kumwona muumini anakuja na shida yake ukajifanya unaongea na simu.

Kuchoka huko ndiko ninakotaka kukueleza. Hali hiyo nitaiita uchovu sugu wa kazi, kwa kuwa "sugu" tumeizoea. Malaria sugu ni ile ambayo dawa ya kawaida haiitoi. Uchovu wa kawaida dawa yake ni usingizi na Jumamosi moja ya kukaa nyumbani. Huu unaamka nao Jumatatu vilevile.

Jina lake la kitaalamu, kwa Kiingereza "burnout", lilianza kusikika mwaka 1974, pale mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, alipoandika kuhusu watu waliokuwa wakihudumu katika kliniki ya bure huko New York, iliyopokea vijana wenye uraibu wa dawa za kulevya. Waliokuwa wakianguka hawakuwa wazembe. Walikuwa wale wa kujitolea, wanaofika mapema na kuondoka mwisho, na yeye mwenyewe akiwemo. Neno alilolitumia ni la moto: kuungua hadi kwisha, kama kibatari kilichomaliza mafuta na sasa kinakula utambi. Nalisisitiza hilo kwa sababu wapo wanaodhani haya ni mambo ya watu wa maofisi ya Ulaya. Hali hii ilielezwa mapema kabisa kwa watu wanaofanana na katekista wetu, wenye moyo mwingi na posho kiduchu.

Mwaka 1981 Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walitoa kipimo chenye pande tatu. Upande wa kwanza ni kuishiwa nguvu. Wa pili ni moyo kujitenga na kazi na watu wake, ukaanza ubaridi na kejeli. Wa tatu ni kuhisi kwamba unachofanya hakifui dafu tena. Shirika la Afya Duniani linafuata pande zinazofanana na hizo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Ila linasema wazi kwamba hali hii yenyewe si ugonjwa. Ni jambo la kikazi, linalozaliwa na msongo wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa.

Huo upande wa pili ndio unaotuchenga sisi waumini, kwa sababu hauonekani kama uchovu. Niseme yaliyonipata.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, mwalimu wa kwaya na katibu wa kamati ya ujenzi. Hakuna aliyenishikia fimbo; kila nafasi niliipokea mwenyewe, na makofi nikapigiwa. Siku moja tulimzika mama wa jumuiya yetu ambaye kwa miaka mingi alinipikia kila nilipokwenda kufundisha nyimbo kigangoni kwao. Nilisimama kaburini nikiongoza wimbo, na nilichokuwa nikiwaza ni kwamba tukiongeza ubeti wa nne nitachelewa kusahihisha madaftari ya Kidato cha Pili. Sikuumia hata kidogo. Siku ile nilijiona nimekomaa.

Mzee mmoja niliyemweleza baadaye kwamba sisali tena kwa raha alinijibu kwa huruma ya kweli: "Mwalimu, hiyo ni vita ya kiroho. Piga novena, uamke saa tisa usiku usali." Nikaamka saa tisa usiku kwa siku 9. Siku ya 10 nilisinzia mbele ya darasa, nimesimama, chaki mkononi, na watoto wakanihurumia hadi wakanyamaza. Novena siikatai hata leo. Ila ilikuwa dawa nzuri ya ugonjwa mwingine, na mimi nilichopungukiwa kilikuwa usingizi.

Hapa ndipo fundo lilipo. Lugha yetu ya kanisani ina maneno mengi ya mtu aliyelegea: amepoa, amerudi nyuma, ana roho ya uvivu, adui anamwandama. Haina hata moja la mtu aliyetumika kupita kipimo. Kwa hiyo anayekuja amekauka tunampa toba, mfungo, mkesha, yaani kazi juu ya kazi. Tusiwalaumu wazee sana. Woga wao una historia. Watawa wa jangwani wa karne ya 4 waliijua hali waliyoiita akedia, mchoko wa roho unaomjia mtu katikati ya mchana akaanza kuichukia seli yake, yaani chumba chake, na kutazama jua limefika wapi. Dawa yao ilikuwa kubaki palepale na kuendelea na kazi. Baadaye hali hiyo ikaingizwa kwenye dhambi kuu saba kwa jina la uvivu, na ndiyo maana tunaiogopa.

Utatofautishaje basi? Mimi hutazama mambo mawili. Kwanza historia ya mtu: mvivu hana miaka ya kujituma nyuma yake, huyu anayo, na mara nyingi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Pili, namna anavyopumzika. Mvivu anayafurahia mapumziko yake. Huyu mwingine hata akilala mkekani chini ya mwembe, kichwani kikao kinaendelea.

Kuna mkanganyiko mwingine ulio wa hatari zaidi, nao ni wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Uchovu sugu wa kazi, angalau mwanzoni, umefungwa na kazi: mtu akisafiri kwenda harusini Newala anacheka, akikaribia kurudi tumbo linamkata. Sonona haichagui mahali. Inafuata hadi harusini, inaondoa ladha ya chakula, ya watoto, ya kila kitu, na inaweza kumwambia mtu kwamba ni afadhali asiwepo. Uchovu ukiachwa sana unaweza kutangulia sonona au kwenda nayo pamoja. Tena kuna miili inayochoka kwa sababu zake: upungufu wa damu, malaria, sukari, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa. Kwa hiyo kabla ya kuamua ni roho au ni kazi, kapime damu. Na yule anayewaza kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au kituo kilicho jirani, tena asiachwe aende peke yake. Kumwombea kunaweza kufanyika njiani, ndani ya bajaji.

Baada ya aibu ile ya chaki nilipanda basi la alfajiri kwenda Mtwara mjini kumwona sista mmoja mwenye mafunzo ya ushauri nasaha. Sikumuaga mtu. Neno lenyewe, "ushauri nasaha", huku kwetu tulilizoea kwenye upimaji wa virusi vya UKIMWI, kwa hiyo ukisema unakwenda kwa mshauri nasaha mtaa mzima umeshakupa majibu ya damu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu. Umekula nini leo?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, kama mtu anayekwenda kuungama. Swali la chakula halikuwemo. Nikasema nimekunywa chai. Akauliza na jana usiku? Sikukumbuka. Akanyanyuka, akarudi na mihogo ya kuchemsha na chai ya maziwa, akakaa kimya hadi nilipomaliza. Ndipo akafungua Biblia, Wafalme wa Kwanza sura ya 19, akaniambia nisome polepole, na niangalie Mungu anaanza na nini.

Nimeirudia sura ile mara nyingi tangu siku hiyo. Eliya ametoka Karmeli, ushindi mkubwa kuliko yote maishani mwake, moto umeshuka, mvua imenyesha, amekimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu hadi Yezreeli. Baada ya hapo tisho moja la malkia Yezebeli linamvunja. Anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake pale, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima peke yake, anakaa chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. "Yatosha," anasema. Ona alivyomwacha yule kijana. Aliyechoka namna hii huwa anaanza kwa kuwakwepa wale ambao wangeweza kumsaidia kubeba.

Sasa malaika anafika. Hakemei pepo, wala hamkumbushi wito wake. Anamgusa, anasema "Inuka, ule," na kichwani pake upo mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, halafu analala tena, wala hakuna anayemlaumu. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile, na safari hii sababu inatajwa: mwendo ni mkubwa mno kwake. Mungu mwenyewe anakubali kwamba safari imemzidi nabii wake. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo ikihubiriwa mara nyingi, na kila mara mhubiri aliikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu kule Horebu. Mkate aliuruka.

Hata Horebu kwenyewe kuna somo kwa yeyote anayetaka kumshauri mwenzake. Mungu anauliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Nabii anamwaga malalamiko: amejitahidi, wote wameasi, amebaki peke yake. Unakuja upepo, tetemeko, moto, kisha utulivu. Swali linaulizwa tena, na Eliya anajibu vilevile, karibu neno kwa neno. Anaachwa aseme mara mbili. Baada ya hapo ndipo Mungu anapomsahihisha hesabu, kwamba wapo 7,000 ambao hawakupiga goti kwa Baali, na anampa Elisha, mtu wa kushika kazi nafasi yake. Sisi huwa tunaanza na wale 7,000. Mtu hajamaliza sentensi tumeshamwambia, "Mbona wenzako wanaweza?"

Mkate, usingizi, kusikilizwa, ukweli, mgawanyo wa kazi. Kwa mpangilio huo. Ushauri nasaha ukiwa mzuri unafuata njia inayofanana sana na hiyo, japo anayeufanya anaweza asitaje Biblia kabisa.

Kwa kuwa wengi hawajui kinachofanyika ndani ya chumba kile, nieleze kidogo. Hakuna kuwekewa mikono wala kupewa hotuba. Mnakaa kama saa moja, kisha unarudi baada ya wiki moja au mbili, mara kadhaa. Unayosema ni siri, isipokuwa kuna hatari ya mtu kufa au mtoto kudhurika, na mshauri makini hukueleza mipaka hiyo tangu mwanzo. Hapo kuna tofauti na kitubio: siri ya maungamo haina upenyo wowote, nayo inahusu dhambi na msamaha. Kuchoka si dhambi ya kuungama, ingawa yaliyotokana nako, kama kumfokea mke kila jioni, yanaweza kuwa.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya kuchosha kwa namna yake: kuandika saa zote 168 za wiki zinakwenda wapi. Kazi za kanisa peke yake zilikula saa 31, na mimi siku zote niliziita "kidogo tu jioni". Kazi ya pili ilikuwa kuyakamata mawazo na kuyauliza maswali. Nilisema, "Nikiacha, kwaya itakufa." Sista akauliza ilianzishwa na nani. Ilianzishwa kabla sijazaliwa. Tukacheka wote wawili, ila usiku ule sikulala vizuri, maana niligundua kwamba sehemu ya uchovu wangu ilikuwa ni kiburi kilichovaa kanzu ya utumishi.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza. Nilidhani tatizo ni wingi wa kazi. Maslach na mwenzake Michael Leiter wametaja maeneo sita yanayomchosha mtu kazini, na wingi wa kazi ni moja tu. Mengine ni kukosa usemi juu ya kazi yako, kukosa shukrani au malipo, mahusiano mabovu na wenzako, kutotendewa haki, na kufanya yanayopingana na dhamiri. Kwaya ilinila saa nyingi lakini ilinilisha pia. Kilichonikausha kilikuwa kamati: nilizunguka kukusanya michango na kuandika risiti, huku matumizi yakiamuliwa mahali ambapo sikuitwa, na waumini wakiniuliza mimi. Wiki mbili za kulala zisingetibu hilo. Ilibidi nijiuzulu kwa barua.

Wapo wanaosema ushauri wa kitaalamu ni mambo ya dunia, Mkristo anatosheka na maombi. Hao nawaomba wasome Kutoka 18. Musa anakaa kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, na anayeliona tatizo ni Yethro, mkwewe, kuhani wa Midiani, mgeni aliyefika juzi. Anamwambia jambo hili si jema, litamdhoofisha yeye na watu pia, achague wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Musa, aliyezungumza na Mungu, alimsikiliza mkwe. Angalia pia kwamba waliokuwa wakichoka ni pande zote mbili. Watu walisimama foleni kutwa nzima. Mtumishi anayeng'ang'ania kila kitu anawachosha na anaowahudumia.

Kwa desturi zetu za kusini tunaye Yethro wa nyumbani, naye ni mjomba. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, kaka wa mama ana kauli. Mshauri nasaha hana uwezo wa kuuambia ukoo wako kitu, mjomba anao. Akisema mwaka huu huyu asiguswe na mchango wa harusi wala asitumwe kusimamia msiba, haguswi. Ubaya wake ni kwamba naye ni mhusika, pengine ada ya mwanawe unailipa wewe. Kwa hiyo mambo ya ndani ya moyo peleka kwa asiye na maslahi, na mambo ya mizigo ya ukoo mpelekee mjomba.

Suala la siku ya kupumzika nalo tunalifanyia mzaha. Jumapili kwa padre, mchungaji, mwalimu wa kwaya na hasa mama mchungaji ndiyo siku ngumu kuliko zote. Mama mchungaji ndiye ninayemhurumia zaidi katika orodha hii: hana mkataba, hana likizo, na mlango wake haufungwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Anayejitolea haingii humo, ila baraza la parokia au la usharika linaweza kuzitumia namba hizohizo kama kipimo. Mkulima naye hapumziki Oktoba, korosho zinadondoka na ghala la chama cha msingi cha wakulima linapokea. Mapumziko yake yapangwe korosho zikishauzwa, wala si siku za kupulizia dawa. Bahati mbaya Oktoba hiyohiyo mabibo yapo tele, na uraka, pombe ya mabibo hayo, upo. Wengi hutibu uchovu wao humo, hadi wanatafutiwa mshauri kwa sababu nyingine.

Pale Ndanda, ambako watawa Wabenedikto wapo tangu 1906, kuna kitu cha kuiga hata kwa asiye Mkatoliki. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inamtaka mtawa akisikia ishara ya sala aache papo hapo alichoshika, hata kama hakijakamilika. Nilikuwa nikidhani hiyo ni heshima kwa sala tu. Sasa naona ni ulinzi kwa mtu: kuna kengele yenye mamlaka juu ya kazi yako. Kanuni hiyohiyo, ikimwelekeza abate, inakumbusha maneno ya Yakobo kwamba akiliswaga kundi kupita kiasi litakufa lote kwa siku moja. Karakana, hospitali na mashamba vya pale vimejengwa na watu wanaoacha kazi ikiwa nusu.

Na sala ya aliyechoka iwe fupi. Mimi kwa miezi mitatu nilisali Zaburi ya 131 peke yake. Ina mistari mitatu, inamzungumzia mtoto aliyetulia kifuani kwa mama yake, na haikuombi ufanye chochote zaidi ya kumtarajia Bwana.

Kupona kwenyewe kulikwenda kwa kupinda. Mwezi wa kwanza nililala tu. Wa pili nilijisikia vizuri, nikakubali kuwa mweka hazina wa harusi mbili, nikaanguka tena. Wa tatu nilianza kujifunza kusema "hapana, ndugu yangu" bila kuongeza maelezo, na watu wawili walinuna. Mmoja bado amenuna. Mwezi wa tano tulimzika babu wa jirani, mtu ambaye hata sikumzoea, nikalia hadi wafiwa wenyewe wakanishika bega. Nilipomsimulia Sista, aliandika kitu kwenye daftari lake, akanipangia kurudi baada ya mwezi badala ya wiki mbili.